Dirisha la Mstari Mmoja

Kiangazi cha 1990, vijana wawili wa Norway waliofahamiana chuoni Trondheim, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wakiandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasound. Programu hiyo ilitakiwa iendeshwe kwenye kompyuta za aina tatu, yaani Unix, Macintosh na Windows, na kila aina ilikuwa na namna yake ya kuchora dirisha, kitufe na nafasi ya kuandikia. Kazi moja ikawa kazi tatu. Siku moja wakatoka nje kuota jua, wakakaa kwenye benchi, na Nord akasema kwamba wanahitaji mfumo mmoja wa kuchora skrini utakaofanya kazi kote. Mwaka uliofuata akaanza kuuandika. Machi 1994 wakaandikisha kampuni, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Trolltech, na Mei 1995 mfumo wao, Qt, ukatolewa hadharani.

Haydom, kaskazini mwa Tanzania, inaijua Norway kwa njia nyingine. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka nchi hiyo, kwenye nyanda za juu za Mbulu, kilomita zipatazo 300 kutoka Arusha, mahali ambapo kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji haraka alisubiri ndege ndogo. Leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na ina vitanda vipatavyo 400. Programu ya Trondheim haikuandikwa kwa ajili ya Haydom wala haikuwahi kuhusiana nayo. Nimeziweka ukurasa mmoja kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia, ya madirisha madogo ambayo mtu asiye mtaalamu anaweza kuyafungua kwa amri ya mstari mmoja, ilianzia kwenye shida ambayo kila hospitali inaijua: kuna jambo la kuandikwa, kuna mtu wa kuliandika, na katikati yao pamewekwa mashine isiyojua kuuliza.

Tuanze kabla ya dirisha. Mwaka 1979 maabara za Bell huko Marekani zilitoa toleo la saba la Unix, likiwa na gamba la amri lililoandikwa na Stephen Bourne. Ndani ya gamba hilo mtu aliweza kuandika amri zake kwenye faili, moja chini ya nyingine, na faili hilo likawa programu. Hiyo ndiyo skripti. Skripti ikitaka kumuuliza mtu, ilikuwa na amri mbili tu za kutegemea: moja ya kuchapa swali, nyingine ya kusubiri jibu.

echo "Jina la mtoto:"
read jina

Kwa aliyeiandika, hiyo yatosha. Kwa karani aliyekabidhiwa, ni mateso. Hawezi kurudi nyuma kusahihisha jibu la swali la kwanza akiwa kwenye la tatu, haoni orodha ya majibu yanayokubalika, na akibonyeza kitufe kisicho chake skrini yote inachafuka. Lakini Unix hiyo ilikuwa imeweka misingi miwili ambayo yote yaliyofuata yalisimama juu yake. Msingi wa kwanza ni kwamba kila programu huanza ikiwa na njia tatu: moja ya kupokea, moja ya kutolea matokeo, na moja ya kulalamikia makosa. Msingi wa pili ni kwamba kila programu inapokufa huacha namba. Sifuri maana yake mambo yamekwenda sawa. Namba nyingine yoyote inaeleza kwamba kuna jambo. Yeyote atakayeweza kutengeneza dirisha linaloheshimu njia hizo na namba hiyo, atakuwa amempa mwandishi wa skripti sura bila kumlazimisha ajifunze uchoraji.

Tanzania ilikuwa mbali na hayo kwa uamuzi wake yenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mifumo ya hesabu ya Hazina kuleta matatizo, na fedha za kigeni kuwa adimu, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara bila kibali. Siku hizi ni rahisi kuucheka uamuzi huo. Mimi naona ulikuwa na mantiki ya mtu aliyechomwa na mashine asiyoweza kuitengeneza wala kuisahihisha, ingawa gharama yake ilikuja kulipwa na kizazi kizima. Wakati wanafunzi wa Ulaya wakijifunza kuiuliza kompyuta, zahanati zetu zilikuwa zikijifunza daftari. Katika miaka ya 1990 madaftari hayo yakawekwa utaratibu wa taifa zima, MTUHA, na muuguzi yeyote wa Mbulu au Hanang anaweza kukuambia kitabu namba fulani kina safu zipi bila kukifungua.

Daftari lisidharauliwe. Kati ya Novemba 2009 na Novemba 2010, hospitalini Haydom, wasaidizi wa utafiti walikaa wodi ya wazazi usiku na mchana wakaandika kila kuzaliwa: mtoto amepumua lini, amesaidiwa lini, amepewa hewa kwa barakoa baada ya sekunde ngapi. Watoto walikuwa 5,845. Matokeo yalichapishwa 2012, na Hege Ersdal wa Stavanger pamoja na wenzake, akiwemo Estomih Mduma wa Haydom, walionyesha kwamba kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa hewa ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Jambo hilo lisingejulikana kama fomu isingekuwa na nafasi ya kuandika muda. Anayepanga nafasi za fomu ndiye anayeamua kitakachojulikana baadaye, na hapo ndipo ninapoona uzito wa chombo kinachomruhusu mtu wa wodini kupanga nafasi zake mwenyewe.

Turudi kwenye skrini. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza mfumo wa madirisha walioupa jina la herufi moja, X. Toleo la kumi na moja lilitoka Septemba 1987 na likabaki hapo kwa miongo. Pamoja na X kulikuja programu ndogo iitwayo xmessage. Unaipa maneno, unaipa majina ya vitufe, nayo inafungua dirisha lenye maneno na vitufe hivyo. Mtu akibonyeza, programu inakufa na kuacha namba ya kitufe kilichobonyezwa. Usipotaja namba, inaanzia 101. Ilikuwa mbaya kwa sura kama risiti ya mashine, na haikuweza kupokea hata neno moja la kuandikwa. Lakini wazo zima lilikuwa limekwisha kuwemo: programu inayofungua dirisha kwa amri ya mstari mmoja, inauliza, inarudisha jibu, inaondoka. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Huyu hujiua mwenyewe akishafikisha ujumbe, na ndiyo maana hana deni kwa mtu.

Miaka michache baadaye, Linux, ndugu huria wa Unix, ilipoanza kusambaa, wengi wa watumiaji wake hawakuwa na X kabisa. Mashine zilikuwa dhaifu, na usakinishaji ulifanywa kwenye skrini nyeusi ya herufi. Savio Lam akaandika dialog, programu inayochora masanduku, menyu na orodha za kuweka alama kwa kutumia herufi tupu. Slackware, mojawapo ya mikusanyo ya kwanza ya Linux, iliitumia kuwaongoza watu katika usakinishaji, na wanaotengeneza kiini cha Linux wakachukua kizazi chake kwa ajili ya menyu yao ya kuchagua vipengele. Baadaye Thomas Dickey aliipokea na kuitunza. Watu wa Red Hat nao walikuwa na maktaba yao ya kuchora masanduku ya namna hiyo, na juu yake ikajengwa whiptail, ambayo Debian waliipokea. Aliyewahi kuwasha Raspberry Pi na kuendesha raspi-config ameiona whiptail bila kuijua kwa jina.

Katika dialog kuna kero moja inayostahili kusimuliwa, kwa kuwa kila anayeanza huikanyaga. Programu hii huchora masanduku yake kwenye njia ya matokeo. Basi jibu la mtumiaji litokee wapi? Haliwezi kupita njia hiyo hiyo, lingechanganyika na michoro. Likapelekwa kwenye njia ya makosa. Kwa hiyo skripti inayotaka kulinasa jibu lazima ibadilishane njia kwa mkato huu unaofanana na hirizi:

jibu=$(dialog --inputbox "Jina la kijiji" 8 40 3>&1 1>&2 2>&3)

Dialog yenyewe ina chaguo la --stdout linalokuondolea hirizi hiyo, lakini ukihamia whiptail utaihitaji tena. Dirisha halisi, linalochorwa nje ya terminali, halina shida hii. Michoro iko kwingine, njia ya matokeo ni tupu, jibu linapita bila kugusana na kitu. Faida hiyo peke yake ingetosha kuwafanya waandishi wa skripti watamani madirisha.

Hapo ndipo Wanorway wetu wanaporudi, na wanarudi na ugomvi. Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Ujerumani, aliwaita watu kujenga mazingira kamili ya kazi kwa ajili ya Linux, yaani KDE, na akachagua Qt kuwa msingi wake. Qt ilikuwa nzuri kuliko chochote kilichokuwepo. Lakini leseni yake haikuwa huru: ungeweza kuitumia bure kwa masharti, lakini usingeweza kuibadilisha na kuisambaza upendavyo. Kwa watu waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya uhuru huo, ilikuwa sawa na kujenga nyumba ya jamaa nzima kwenye kiwanja cha mtu. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakatangaza mradi mwingine, GNOME. Badala ya Qt walichukua GTK, vifaa vya kuchorea vilivyokuwa vimeandikwa na wanafunzi wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, kwa ajili ya programu yao ya picha, GIMP. Trolltech walilegeza leseni 1998, na Septemba 2000 wakaiachia Qt chini ya leseni ya GPL. Ugomvi ukapoa, lakini nyumba mbili zilikuwa zimekwisha kujengwa.

Nyumba mbili, na kila moja ikawa na dirisha lake la skripti. KDE ikatoa KDialog, juu ya Qt. GNOME ilianza na gdialog, ambayo iliiga amri za dialog ya herufi, na karibu na 2003 ikaletwa Zenity, iliyoandikwa na Glynn Foster alipokuwa Sun Microsystems. Thierry Godefroy alikuwa na yake, Xdialog. Msomaji anaweza kuuliza kulikuwa na haja gani ya wingi huu. Hakukuwa na haja; ilikuwa ni historia tu. Lakini tazama: zote, za Qt na za GTK, zilishika adabu ile ile ya xmessage. Chaguo kwenye mstari wa amri, jibu kwenye njia ya matokeo au ya makosa, namba wakati wa kufa. Makundi yaliyogombana juu ya kila kitu hayakugombana juu ya hilo.

Zenity ilishinda kwa kuenea, kwa sababu ilikuja ndani ya GNOME na mkusanyo wa Linux uitwao Ubuntu, tangu 2004, ulisimama juu ya GNOME. Mfano wa fomu yake ni huu:

zenity --forms --title="Kliniki" --text="Taarifa za mtoto" --add-entry="Jina" --add-entry="Kijiji" --add-calendar="Tarehe ya kuzaliwa" --forms-date-format="%Y-%m-%d"

Mtu akijaza na kubonyeza, unatoka mstari mmoja, majibu yakiwa yametenganishwa kwa alama ya |. Chaguo la mwisho pale, la mpangilio wa tarehe, wengi huliacha, na ni kosa. Bila hilo tarehe hufuata mazoea ya lugha ya kompyuta. Mashine iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani itaandika mwezi kabla ya siku, na ya jirani yake iliyowekwa kwa cha Uingereza itaandika siku kabla ya mwezi. Mafaili mawili yakiunganishwa mwisho wa mwezi, mtoto wa tarehe 4 Machi na wa tarehe 3 Aprili hawatofautiki tena, na ratiba ya chanjo imekwisha kuvurugika.

Zenity ilikuwa na mipaka yake, na wenye nayo hawakuwa na haraka ya kuipanua. Waliitaka ibaki ndogo. Victor Ananjevsky alichukua msimbo wake, kuanzia 2008, akaanzisha tawi aliloliita YAD, kifupi cha jina lenye mzaha kwamba hili nalo ni dirisha jingine tena. Humo akamwaga kila kitu ambacho waandishi wa skripti walikuwa wakikililia: nafasi za namba zenye kikomo, orodha za kuchagua ndani ya fomu, vitufe vya idadi na majina upendayo, kurasa zenye vichwa, ikoni inayokaa kando ya saa. Fomu ile ile, kwa YAD, yaweza kuwa hivi:

yad --form --title="Kliniki" --field="Jina" --field="Kijiji:CB" --field="Uzito (kg):NUM" --field="Tarehe:DT" --field="Amechanjwa:CHK" --button="Hifadhi:0" --button="Acha:1" "" "Haydom!Dongobesh!Basotu" "3!0..20!0.1!1" "" FALSE

Kila --field ni nafasi moja, na herufi baada ya nukta mbili zinataja aina yake. Yaliyo mwishoni ni thamani za kuanzia, kwa mpangilio wa nafasi: jina tupu, vijiji vitatu vya kuchagua, uzito unaoanzia kilo 3, usiozidi 20, unaopanda kwa gramu mia. Karani hawezi tena kuandika kilo 32 kwa mtoto wa kilo 3.2, dirisha halipokei namba inayozidi 20. Namba kando ya vitufe ndizo namba za kufia, na YAD ina kanuni ya werevu: kitufe chenye namba shufwa hutoa majibu, chenye namba witiri hunyamaza. "Hifadhi" ni 0, inaandika. "Acha" ni 1, haiandiki kitu. Anayefunga dirisha kwa kitufe cha Escape huacha 252, na skripti inaweza kumtofautisha na aliyeamua kuacha.

Sasa tuliweke hili Haydom, kwa kufikiria tu, tuone litakavyobanwa. Eneo hili ni mahali pagumu kwa fomu yoyote ile. Kati ya Mlima Hanang na bonde la Ziwa Eyasi zinasemwa lugha za koo nne: Kiiraqw kilicho cha Kikushi, Kidatoga cha Kinilo, Kinyiramba na Kinyisanzu za Kibantu, na Kihadza, lugha yenye vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Sidhani kuna mahali pengi duniani ambapo zahanati moja inaweza kuandikisha wasemaji wa zote nne katika asubuhi moja.

Tuanze na jambo dogo. Majina yetu ni matatu, la mtu, la baba na la babu. Skripti iliyoandika $jina bila alama za kunukuu itayapasua majina hayo kuwa vipande vitatu, na amri itakayofuata itadhani imepewa watu watatu. Alama mbili, "$jina", zinatatua. Ni somo la siku ya kwanza, na bado ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye skripti za watu.

Kisha Kiiraqw. Katika maandishi yake ya kawaida, ambayo pia yametumiwa na Maarten Mous katika sarufi yake ya 1993, sauti moja ya koo huandikwa kwa mkwaju, /. Majina kwenye vitambulisho huandikwa bila alama hiyo, kwa hiyo kliniki haitasumbuka. Lakini mtu anayekusanya msamiati au hadithi, na skripti yake ikatumia neno lililojazwa kuwa jina la faili, atakuta Unix imeusoma mkwaju kuwa mpaka wa folda. Neno litakataa kuhifadhiwa, au litahifadhiwa mahali pasipotarajiwa. Njia salama ni kulipa faili namba na kuliacha neno ndani.

Kihadza ni kigumu zaidi, na hapa nakiri nafurahia jinsi mambo yalivyogongana. Wanaisimu huandika vidoko kwa alama za pekee zinazofanana na mstari wima na alama ya mshangao. Zina nafasi zake kwenye orodha ya herufi za dunia, lakini kibodi ya kawaida haina. Mchapaji mwenye haraka hupiga | na ! za kawaida. Hizo ndizo alama ambazo Zenity na YAD huzitumia kazini. Mstari wima hutenganisha majibu, mshangao, kwa YAD, hutenganisha vitu kwenye orodha ya kuchagua. Neno moja la Kihadza likiwekwa kwenye orodha ya YAD laweza kugeuka kuwa maneno mawili, na jibu moja likasomwa kuwa majibu matatu. Hakuna mtu aliyepanga hivyo. Yaelekea aliyechagua alama hizo alidhani hakuna lugha inayozitumia ndani ya neno.

Dawa ipo. YAD ina --separator na --item-separator, unachagua alama zako. Mwenye ujuzi kidogo hukimbilia herufi ya tab, na hapo huanguka shimo la pili: bash, gamba la amri la kawaida la Linux, inaposoma mstari kwa kutenganisha kwa tab, tab mbili zilizofuatana huzihesabu kuwa moja. Karani akisahau kujaza kijiji, nafasi tupu hufutika, na uzito husogea kukaa kwenye safu ya kijiji. Hakuna onyo lolote. Chagua alama inayoonekana na isiyotumika katika lugha yoyote ya eneo, ~ kwa mfano, na nafasi tupu zitabaki tupu.

Umeme nao una neno lake. Programu kubwa hushikilia kumbukumbu ya siku nzima hadi mtu ahifadhi. Dirisha la skripti huuliza juu ya mtoto mmoja, huandika mstari mmoja mwishoni mwa faili, hufa, kisha skripti hulifungua jingine. Ukiongeza amri ya sync baada ya kila mstari, umeme ukikatika utapoteza fomu iliyokuwa wazi tu. Mimi sijaona muundo wa bei nafuu zaidi kwa mahali ambapo jenereta hubadilishana zamu na gridi.

Kuhusu lugha ya dirisha lenyewe, Tanzania ilikuwa na jaribio lake kubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia idara yake ya sayansi ya kompyuta na kwa ushirikiano na Waswidi wa IT+46, kilianzisha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima: kutunga istilahi, kukubaliana, kisha kutafsiri maelfu ya vifungu. Programu kubwa haina njia ya mkato; kila toleo jipya hudai tafsiri mpya, na fedha za mradi zikiisha tafsiri hubaki nyuma. Dirisha la skripti haliujui mzigo huo. Maneno yote yaliyomo ameyaandika mwenye skripti. Akitaka Kiswahili ni Kiswahili, akitaka Kidatoga ni Kidatoga, bila kumsubiri mtu wa Dar es Salaam. Vitufe navyo hutajwa kwa --button katika YAD, na kwa --ok-label na --cancel-label katika Zenity.

Lakini mkondo mkuu ulikwisha kugeuka, ukaelekea kwenye kivinjari. Mwaka 2002 Elpidio Latorilla, muuguzi Mfilipino aliyekuwa Ujerumani, alianzisha mfumo huria wa hospitali uliokuja kuitwa Care2x, unaoendeshwa wote kupitia kivinjari, na hospitali za KKKT zilikuwa miongoni mwa walioupokea. Takwimu za MTUHA zenyewe zikahamia DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Norway tena. Kivinjari kina haki ya kushinda: watu kumi hujaza kwa pamoja, data hukaa mahali pamoja, mkoa huona ripoti ya wilaya siku ile ile. Ila fomu ya DHIS2 hupangwa na watu wa juu, kwa maswali ya juu. Swali la wodi moja, la miezi mitatu, ambalo daktari mmoja anataka kulifuatilia kabla halijawa utafiti, halina nafasi humo. Maswali ya namna hiyo ndiyo chakula cha Zenity na YAD, na naona ni vibaya kwamba vyuo vyetu vinavyofundisha makarani wa takwimu vinaruka kutoka Excel hadi mfumo wa taifa bila kugusa cha katikati.

Katikati hapo nako kunatikisika. Linux inauacha mfumo wa X na kuhamia Wayland, na GTK ya toleo la nne imeondoa utaratibu uliowezesha dirisha la programu moja kupachikwa ndani ya jingine. Zenity ilihamia toleo hilo bila kuguswa na hilo, maana haikuwahi kupachika kitu. YAD, ambayo kurasa zake zenye vichwa zinategemea upachikaji huo, imebaki kwenye toleo la tatu, na kurasa hizo hazifanyi kazi chini ya Wayland tupu. Qt nayo ilinunuliwa na Nokia 2008, ikauzwa tena kwa kampuni nyingine ya Finland, na KDialog bado inatolewa pamoja na KDE.

Kwa hiyo mwandishi wa skripti mwangalifu leo huanza kwa kuuliza mashine ina nini. Amri ya command -v yad hujibu kama YAD ipo. Isipokuwepo hujaribiwa zenity, kisha kdialog. Kwenye seva isiyo na skrini, inayofikiwa kwa mbali kupitia mtandao dhaifu, kinachobaki mara nyingi ni whiptail. Fomu kamili hapo haipo, basi maswali huulizwa moja moja, kijiji kwanza, uzito kisha, na ile hirizi ya kubadilishana njia hurudi mahali pake.